Kila Punje na Baba Yake

Februari 1986, mvua ya nthwa ikiwa imekwisha na mabua yamekauka hadi yanalia kama karatasi, tuliketi chini ya mwembe huko Makueni kupukuchua mahindi. Ni kazi ya vidole. Mdomo hubaki huru kwa habari za kijiji. Mimi mtoto nikapaza sauti. Nilikuwa nimeshika muhindi mweupe wenye punje nne za njano, zimekaa mbalimbali kama meno ya dhahabu kinywani mwa tajiri. Susu, ndivyo tunavyomwita bibi, hakuutazama mara mbili. Alinyoosha kidevu kuelekea shamba la jirani ng'ambo ya korongo, aliyepanda mahindi ya njano msimu ule, akaendelea kupukuchua.

Jibu lile lisilo na neno lilikuwa somo zima la urithi. Kileleni mwa mhindi kuna mbelewele, ua la kiume linalomwaga chavua kwa mamilioni. Ubavuni mwa bua hutoka ndevu, na kila uzi wa ndevu umeshikana na yai moja tu ndani ya maganda. Chembe ya chavua ikitua kwenye uzi, huotesha mrija ndani yake hadi chini, na punje moja hutungwa. Muhindi wenye punje 400 basi ni mama mmoja mwenye watoto 400 waliopangwa kwa mistari, wala si lazima wawe wa baba mmoja. Na kwa kuwa njano huishinda nyeupe, na akiba ya chakula iliyomo ndani ya punje huchanganya urithi wa baba na wa mama, siri ya upepo hufichuka siku ile ile ya kumenya. Binadamu hatuna uwazi wa namna hiyo. Kwetu mambo kama hayo hupelekwa kwa wazee, na siku hizi maabara.

Nimeanza na muhindi kwa sababu historia ya urithi husimuliwa kila mara kama habari ya Ulaya: mtawa na njegere zake, vijana wawili wa Cambridge na mfano wao wa waya na bati. Habari hiyo ni ya kweli na nitaifikia. Lakini aliyelelewa kati ya Mto Athi na Mto Tana hawezi kuishia hapo, maana huku urithi ulikuwa suala la kula au kulala njaa muda mrefu kabla haujawa sura ya kitabu cha biolojia. Na mchaguzi mkuu wa kipi kirithiwe na kipi kifutike hakuwa mtu. Alikuwa kiangazi.

Wakamba, wenyeji wa huku Ukambani, walikuwa na nadharia yao ya urithi, nayo imo kwenye majina. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba. Musyoka maana yake ni aliyerudi. Wambua na Mumbua walizaliwa mvua ikinyesha. Wayua alizaliwa wakati wa yua, njaa kuu. Jina moja hubeba ukoo, jingine hubeba hali ya hewa, na mtu mmoja aweza kuwa nayo yote mawili. Mtaalamu wa jenetiki naye husema hivyo hivyo, ila kwa maneno mengi zaidi: kiumbe ni alichorithi pamoja na msimu uliompokea.

Mbai, yaani ukoo, hufuata upande wa baba, na watu wa mbai moja hawaoani. Kwa hiyo mbai husafiri njia ile ile ya kromosomu Y, kile kipande cha urithi ambacho baba humpa mwana wa kiume peke yake. Ila tufanye hesabu. Wazazi wako ni 2, babu na bibi ni 4, waliowazaa hao ni 8. Ukirudi vizazi 10 unakuta nafasi 1,024 za mababu. Mbai yako inamtaja mmoja. Wale 1,023 wengine, wanawake wakiwa nusu ya wote, wengi wao wamo mwilini mwako bila kutajwa na yeyote.

Machi 2023 jambo hilo lilitokea hadharani pwani. Jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya Waswahili na mji mmoja wa bara, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwa mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba. Ilionekana kwamba tangu karibu mwaka 1000 damu ya Kiafrika ilikuwa imechanganyika na ya Kiasia, hasa ya Kiajemi. Kwamba upande wa Kiafrika ulipitia zaidi kwa akina mama, na ule wa Kiajemi kwa akina baba. Kina mama husomeka kwa sababu mitokondria, vijitanuru vya nguvu ndani ya seli, vina DNA yao ndogo ambayo mtoto huipata kwa mama tu. Wazee wa Kilwa na Lamu walikuwa wakijiita "Shirazi", yaani wenye asili ya Uajemi, kwa karne nyingi na wasomi wakiwacheka. Misafara ya Wakamba iliyoteremsha pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19 ilifanya biashara na wajukuu wa ndoa zile.

Turudi shambani. Mtama, mawele na kunde ni wenyeji wa Afrika. Mtama ulianza kufugwa mashariki ya Sudan zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mbaazi na ndengu zilitoka Bara Hindi. Mahindi, licha ya jina lake la Kiswahili kutuelekeza India, ni ya Mexico, na yalifika pwani yetu na Wareno kuanzia karne ya 16. Babu yao ni nyasi iitwayo teosinte, yenye vijipunje vichache vigumu kama changarawe. Wakulima wa Mexico, watu ambao hatutawahi kujua hata jina la mmoja wao, walianza kuichagua miaka kama 9,000 iliyopita, msimu hadi msimu, wakiweka kando suke lililopendeza. Ukizilinganisha leo utadhani ni mimea isiyojuana, lakini sehemu kubwa ya tofauti ya maumbo yao inatokana na jeni chache tu. Mojawapo huuambia mmea uache kutawanya matawi na uweke nguvu zote kwenye bua moja.

Mtama na mawele vilijua kiangazi tangu tumboni. Mahindi hayakukijua. Hata hivyo mahindi yalishinda, kwa sababu za kibinadamu kabisa: hayapigwi na ndege kama mtama, mtoto anaweza kwenda shule badala ya kukaa kwenye dungu akirusha mawe, na soko la wakoloni lilitaka unga mweupe. Naamini ni mojawapo ya mabadilishano ya gharama kubwa ambayo Ukambani imewahi kuyafanya, ingawa nami nikikaribishwa sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, siulizi historia.

Gharama ilidaiwa kwa njaa, na Wakamba huzipa njaa zao majina kama watu. Kuu kupita zote ni Ngomanisye ya miaka ya 1898 na 1899, iliyoandamana na ndui wakati reli ya Mombasa ikipita Kibwezi na Makindu. Njaa ya namna hiyo huua mara mbili. Huua watu, halafu huua mbegu, kwa sababu siku inafika ambapo kilichotundikwa juu ya moto kwa ajili ya kupanda huteremshwa kikapikwa. Nasaba ya mahindi iliyozoea kilima kile hukatika hapo, na mvua ikirudi watu hupanda cha msaada.

Miaka ile ile, katika mji wa Tübingen, Ujerumani, mtu mmoja alikuwa akihesabu punje za mahindi. Carl Correns alitaka kujua kwa nini rangi ya baba huonekana kwenye punje ya muhindi kabla hata haijapandwa, swali ambalo susu alilijibu kwa kidevu. Hesabu zake zikamwongoza hadi kwenye makala ya zamani iliyosahauliwa. Mwaka 1865 Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alikuwa amesimama mbele ya chama cha wapenda sayansi kueleza miaka minane ya kuzalisha njegere. Alikuwa amechanganya zenye punje laini na zenye makunyanzi. Kizazi cha kwanza zote laini, kizazi cha pili punje 5,474 laini na 1,850 zenye makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja. Makunyanzi hayakuwa yamepotea. Yalijificha tu. Mendel akasema kila tabia hubebwa na vitu viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na mzazi humpa mtoto kimoja tu kati ya viwili alivyo navyo. Wasikilizaji wake wakaenda nyumbani. Ilichukua hadi mwaka 1900, kwa Correns na wenzake, dunia kuelewa alichosema.

Na ni Tübingen hiyo hiyo, mwaka 1869, ambako Friedrich Miescher alikuwa akipokea bandeji zilizolowa usaha kutoka hospitalini, akiziosha ili kupata seli nyeupe za damu. Katika viini vya seli hizo alikuta kitu chenye fosforasi ambacho hakikuwa protini, kile tunachokiita sasa DNA. Hakuna aliyethibitisha uhusiano wa usaha wa Miescher na njegere za Mendel kwa miaka 75. Wataalamu wengi waliamini kwamba urithi lazima ukae kwenye protini, kwa kuwa DNA ilionekana nyepesi mno, herufi nne zikijirudia. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake huko New York walionyesha kwamba bakteria asiye na madhara hugeuka kuwa hatari akipewa DNA ya mwenzake, na DNA peke yake ikatosha. Rosalind Franklin akaipiga picha kwa eksirei London. James Watson akaona picha yake moja bila Franklin kujua, na Aprili 1953 Watson na Francis Crick wakachapisha umbo lenyewe: ngazi iliyosokotwa.

Ngazi hiyo ni rahisi kueleza jikoni. Kila kipago kimeundwa na herufi mbili zinazoshikana: A hushika T, C hushika G, basi. Ukiipasua ngazi katikati kama ganda la mbaazi, kila upande unatosha kuujenga mwenzake upya. Hiyo ndiyo siri ya kunakili, na ndiyo sababu seli moja inaweza kuwa mbili na zote mbili zikawa na maandishi yale yale. Herufi husomwa tatu tatu, kila kikundi cha tatu kikiagiza kipande kimoja cha protini, na protini ndizo zinazofanya kazi: rangi ya punje, unene wa ganda, siku ya kuchanua. Sehemu yenye agizo kamili ndiyo jeni. Uzi wote umekunjwa katika vifurushi viitwavyo kromosomu. Binadamu ana 46, mhindi una 20, nusu ya baba na nusu ya mama. Wakati mwingine mnakili hukosea herufi. Makosa mengi hayana athari, mengine huua, na machache hugeuka kuwa mtaji.

Kosa moja kama hilo lilipata maelezo yake humu Kenya. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini lakini akakulia Gilgil. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika safari ya watafiti wa Oxford, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali akizunguka nchi. Akaona jambo la ajabu: chembe za damu zenye umbo la mundu zilikuwa kwa watu wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na kwa wachache sana katika nyanda za juu na sehemu kavu za katikati. Alikumbuka mbu ni wa wapi. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: anayerithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili huugua vibaya, lakini anayeirithi kwa mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Baadaye ikajulikana kwamba tofauti yote ni herufi moja, A imekuwa T. Malaria ilikuwa ikichagua watu pwani na ziwani jinsi kiangazi kilivyokuwa kikichagua mahindi Ukambani. Kwangu mimi hakuna mfano bora wa urithi katika Afrika Mashariki yote kuliko huo. Hakuna jeni iliyo njema au mbovu popote pale. Kuna jeni na mahali ilipo.

Miaka michache baada ya ngazi ya Watson na Crick, watafiti wa serikali huko Katumani, karibu na mji wa Machakos, wakati Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, walianza kutafuta mhindi unaofaa mahali hapa. Hawakuwa na haja ya kusoma DNA, wala hakuna aliyeweza kuisoma wakati huo. Walihitaji macho na kalenda. Kule Kitale wenzao walikuwa wakizalisha mahindi makubwa ya miezi sita au zaidi, na mwaka 1964 wakatoa H611, chotara wa mahindi ya Kitale na ya Ekuador. Kwa Kitui hicho ni kichekesho. Mkulima wa huku haulizi mahindi yatatoa magunia mangapi. Anauliza yatachanua siku ya ngapi. Mvua ya nthwa huja mwishoni mwa Oktoba na mara nyingi kabla ya Krismasi imeshaaga. Mvua ya uua, ya Machi na Aprili, ndiyo isiyoaminika kabisa.

Basi Katumani wakachanganya mahindi yaliyotangulia kuchanua, ya wenyeji na ya kutoka nje, wakapanda pamoja, wakachagua ya kwanza, wakapanda tena. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikatoka Katumani Composite B, inayochanua kwa siku kama 60 na kukomaa ndani ya miezi mitatu hadi minne. Mwaka 1989 ikafuatwa na Dryland Composite 1, yenye haraka zaidi. Watu wakafupisha jina: "Umepanda nini?" "Katumani."

Katumani haistahimili ukame, na hili ni jambo ambalo maofisa wa kilimo hawakulieleza vizuri siku zote. Katumani huukwepa. Ni kama msafiri mwepesi anayevuka mto kabla maji hayajajaa. Akikutwa katikati hana ujanja kuliko wengine. Kiangazi kikipiga wakati wa kuchanua, mhindi hubana ndevu zake ndani ya maganda huku mbelewele ikiendelea kumwaga chavua. Ndevu zikija kutoka siku saba baadaye hakuna wa kuzipokea. Ukimenya unakuta gunzi kibogoyo, punje tano hapa, tatu pale. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, waliligeuza pengo hilo la siku kuwa rula ya kazi yao. Walikausha mashamba kwa makusudi wakachagua mimea ambayo ndevu na chavua zilionana hata katika shida. Ustahimilivu haukukaa kwenye jeni moja. Umetawanyika kwenye jeni nyingi, kila moja ikiongeza chembe tu, ndiyo maana kazi ikawa ndefu.

Composite ilikuwa na fadhila nyingine. Ni jamii iliyochanganyika, kama kijiji, kwa hiyo unaweza kuhifadhi mbegu yake na kuipanda tena. Mbegu chotara sivyo. Ili kuipata, mzalishaji huchukua mistari miwili iliyojichavusha yenyewe vizazi vingi hadi ikadhoofika na kufanana kama mapacha, kisha huioza. Watoto hutoka na nguvu za kushangaza, wote sawa. Ukipanda watoto wa watoto hao, sheria ya Mendel inadai chake: herufi zilizojificha zinajitokeza, huyu mrefu, yule kibeti, na mavuno yanashuka. Wakulima wengi walidhani kampuni zimeweka ujanja ndani ya mbegu. Ni hesabu ya mtawa tu, ingawa sikatai kwamba ni hesabu inayopendeza sana dukani.

Leo kazi hiyo imehamia Kiboko, kando ya barabara kuu ya Mombasa kabla hujafika Makindu, kwenye kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Joto la pale ndilo maabara yenyewe. Septemba 2013 kilifunguliwa hapo kituo cha kutengeneza mistari safi kwa njia ya mkato, cha kwanza cha umma kusini mwa Sahara. Njia yenyewe ni ya kustaajabisha. Mhindi wa mama huchavushwa kwa baba maalumu ambaye chavua yake huanzisha punje, lakini katika sehemu ndogo ya punje hizo kromosomu zake hupotea zote, na kiinitete hubaki na 10 za mama peke yake. Utawajuaje hao mayatima? Baba amebebeshwa jeni ya rangi. Punje ya kawaida ina zambarau kichwani na zambarau kwenye kiinitete. Yatima ana zambarau kichwani lakini kiinitete ni cheupe. Wafanyakazi hukaa mezani na marundo ya punje wakizigeuza moja moja: hii huku, hii kule. Ni kupukuchua kule kule kwa chini ya mwembe, ila safari hii rangi inatafutwa kwa makusudi. Miche ya mayatima hutiwa kolchisini, sumu ya ua moja la Ulaya, ambayo hulazimisha 10 zirudufu kuwa 20, na mmea unapata mstari safi kwa misimu miwili au mitatu badala ya sita au minane.

Jenomu ya mahindi ilikuwa imeshasomwa mwaka 2009: herufi kama bilioni 2.3, jeni zaidi ya 30,000, na karibu asilimia 85 ya maandishi yakiwa vipande vinavyoruka kutoka mahali hadi mahali. Barbara McClintock alivigundua vipande hivyo Marekani miaka ya 1940 kwa kutazama punje zenye madoadoa. Hakuaminiwa, tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1983 akiwa na miaka 81. Ukikuta muhindi wa madoadoa kwenye ikumbi, ghala la Kikamba, huenda unaitazama DNA ikihama. Mbaazi nayo, zao ambalo Makueni na jirani zake ndio walimaji wakuu nchini, ilisomwa na kikundi cha watafiti kilichoongozwa kutoka India, na jenomu yake ikachapishwa kati ya 2011 na 2012.

Lakini wakati ambapo DNA ilihesabika kwa makaburi ni mwaka 2004. Mahindi yalikuwa yamevunwa mabichi, yakawekwa ndani ya nyumba kwenye joto na unyevu. Watu wakaanza kugeuka manjano macho na kuvimba matumbo. Kufikia Julai walikuwa wameugua watu 317 na 125 kati yao wamekufa, wengi wa Makueni na Kitui. Ilikuwa sumukuvu. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 wagonjwa 12 kati ya 20 waliolazwa kwa sumu hiyo hiyo huku Ukambani walifariki. Wachunguzi walipootesha kuvu kutoka kwenye unga na punje, waliona kwamba iliyotawala haikuwa ile ya kawaida. Ilikuwa ya umbo linaloitwa S, ndogo, ya vijichembe vingi, na yenye kumwaga sumu kupita kiasi.

Kuvu hutengeneza sumu hiyo kwa kutumia jeni zipatazo 25 hadi 30 zilizokaa bega kwa bega. Sasa, katika udongo ule ule wa Kenya kuna ndugu zao waliopata makosa ya kunakili hapo hapo: jeni zimekatika au zimefutika. Ni kuvu halali, wanaishi na kuzaana, ila hawana sumu. Watafiti walichagua wanne wa aina hiyo, wakawabandika kwenye punje za mtama zilizouliwa zisiote, na bidhaa ikaitwa Aflasafe KE01. Mkulima hurusha kilo nne kwa ekari wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, na wasio na sumu wanawatangulia wenye sumu kwenye kiti. Kiwanda chake kilifunguliwa Katumani mwaka 2018. Napenda kwamba kinachowabeba kwenda vitani ni mtama, zao lile lililofukuzwa.

Ugomvi ulio mkali zaidi kuhusu DNA hapa nchini haujawa juu ya herufi bali juu ya nani mwenye mbegu. Mradi wa mahindi ya kubana maji, ulioanza 2008, baadaye ulijaribu huko Kiboko mahindi yaliyotiwa jeni ya bakteria. Novemba 2012 serikali ikapiga marufuku vyakula vya jeni geuzi kuingizwa nchini, Oktoba 2022 ikaiondoa marufuku, na tangu hapo mahakama hazijapumzika. Huku nyuma, kimya kimya, mabadiliko ya sheria ya mbegu ya 2012 yalifanya kuuza au kubadilishana mbegu isiyosajiliwa kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Maana yake kibuyu cha kunde ambacho mama mkwe humpa mkaza mwanawe kilikuwa kinanuka jela. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinavunja katiba.

Susu hakuishi kuisikia hukumu hiyo, wala hakuwahi kuisikia sheria. Mbegu yake ilining'inia juu ya moto, maganda yamesukwa pamoja, imekuwa nyeusi kwa moshi usiopendwa na wadudu. Oktoba aliiteremsha, akapukuchua ncha ya juu na ya chini akazitupia kuku, akabakisha punje za katikati za kupanda. Nimeambiwa na wajuzi kwamba punje za ncha hazina DNA duni kuliko za katikati. Ni mama yule yule. Ni ndogo tu, na huanza maisha na akiba kidogo.

Zile punje nne za njano nilikuwa nimezificha. Jirani alipata mbegu yake ya njano kwenye njaa ya 1984, ile ambayo wengi huiita Nikwa Ngwete, nitakufa nikiwa nimeshika: pesa mkononi, chakula hakipo dukani. Serikali ilileta mahindi ya njano kutoka Marekani, watu wakayala kwa kununa, naye akabakisha kidogo akapanda. Mimi nikazipanda zangu nyuma ya jiko, shamba jeupe likiwa limezizunguka. Tatu ziliota. Februari iliyofuata nilimenya muhindi wa kwanza nikahesabu kwa kidole mstari hadi mstari: njano 171, nyeupe 166. Wa pili nao nusu kwa nusu hivyo hivyo. Nilikimbia kumwonyesha susu. Alipokea yote mitatu, akaipima uzito mkononi, akapukuchua ndani ya sufuria pamoja na maharagwe. Jioni ile tulikula isyo yenye rangi mbili.